Akiba ya Mshono

Kilo arobaini na mbili, mzani ulisema,
ule wa kijana wa soko la Arua
anayetoza shilingi mia mbili kukuambia unachokijua.
Nikashuka. Nikapanda tena, na viatu.
Akacheka: "Mama, viatu si nyama."

Homa ilikuwa imehama mwezi mzima,
lakini ilihama kama mpangaji mwenye deni,
usiku, ikabeba hata vitasa vya milango.
Gauni langu la kitenge cha Kongo nililipunguza mara tatu,
kwa cherehani yangu mwenyewe,
na bado lilining'inia kama la kuazima.

Mtaa wa Oli hauna siri, una ushauri.
Kunywa bia. Kunywa soda nyeusi na yai bichi ndani.
Muuza dawa akanionyesha chupa ya vidonge,
na juu yake picha ya mwanamke aliyejaa kama gunia la muhogo.
Bei yake, chakula changu cha siku tisa.
Nikamrudishia. Picha hailiwi.

Nesi Ejoru hakunitajia nyama.
Aliuliza, "Una shilingi ngapi kwa siku?"
Elfu tatu, nikasema, siku ambayo kuna mteja.
Hakuguna. Aligeuza kadi yangu, akaandika nyuma yake
kama fundi aliyeletewa kitambaa kifupi
na mteja mwenye haraka.

Karanga, basi, na simsim, zisagwe pamoja
mpaka mafuta yajitoe yenyewe, yang'ae.
Kijiko kwenye uji alfajiri. Kijiko kwenye osubi mchana.
Mukene nikautwanga na vichwa vyake na macho yake,
ukawa unga, ukaingia kila chungu bila kubisha hodi.
Parachichi nilizifuata kwa Letasi jioni,
zile zenye doa, ambazo kesho angempa nguruwe.
Tulishindana bei, mimi na nguruwe.
Yai, Jumanne na Ijumaa.

Hakuna aliyenionya kwamba kula ni kazi.
Tumbo lililozoea kufungwa halifunguki kwa ufunguo mmoja.
Nilikula kidogo, nikashona kola, nikala tena,
nikalia kidogo juu ya sahani ya enyasa, nikala tena.
Andama wangu, mwenye miaka minane, alihesabu vijiko
kama askari wa zamu,
akaandika ukutani kwa mkaa, kama matokeo ya mpira:
MAMA 43, HOMA 0.

Halafu mvua. Siku sita hakuna aliyeleta hata suruali ya kutia zipu.
Tulikula muhogo na chumvi, tukalala mapema
ili usingizi ule chakula cha usiku.
Mzani ukarudi nyuma. Andama akafuta kwa kiganja,
akaandika upya, namba ndogo,
akasema mechi bado.

Mechi ilikuwa bado.
Nne. Nne na nusu. Sita, baada ya sare za shule
zilizonilaza saa nane za usiku kwa wiki mbili.
Tako likapata kitu cha kukalia.
Pete ikaacha kudondokea kwenye unga.

Sasa, fundi wa kweli hakati kitambaa cha ziada.
Anakikunja ndani, vidole viwili, anakishonea humo.
Mteja hajui. Ni akiba.
Hata nilipojipunguza mara tatu, mkasi sikuugusa;
mkono ulikataa, na sikuuliza kwa nini.

Jana gauni likanibana kwapani.
Nikakaa mlangoni na wembe, nikafumua.
Mshono wa tatu, wa pili, ule wa kwanza.
Ndani, kitenge ambacho jua halijawahi kukiona:
njano ya kiini cha yai, kila ubavu mstari,
na nje kote gauni limefifia kama chai iliyorudiwa majani.

Jirani Candiru akainama, akashika pindo.
"Rangi hazilingani. Nikutafutie kipande cha kufunika?"
Nikamwambia aache.
Nikamtuma Andama kwa Letasi na shilingi mia tano:
zile zenye doa, mwanangu,
na uwahi, kabla ya nguruwe.