Kidole Kwenye Kona ya Mdomo

Saa nane usiku, Julai, Mbeya.
Loleza haionekani, ila baridi yake imeshuka
ikakaa juu ya bati la studio
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kadi inachora.
Picha ya mia mbili na kumi na moja kati ya mia tatu:
hoteli ya ghorofa nne, Uyole,
ya mzee Mwakalinga, mwenye kiwanja, mwenye viazi,
mkopo bado.
Jua la kompyuta linapiga madirisha
ambayo hajayanunua.

Feni zinavuma kama mashine ya kukoboa.
Gwantwa yuko kifuani, ananyonya,
miguu yake nimeielekeza nyuma ya boksi
panapotoka upepo wa moto.
Tusidanganyane: nusu ya sababu ya kufanya kazi usiku
ni upepo huo.

Simu inatetemeka. Mzee naye hajalala.
"Mwanangu, paa lisiwe jekundu.
Mama hapa kasema kijani. Simamisha."

Simamisha.
Neno jepesi mdomoni mwa asiyegusa mtambo.

Zamani, kabla sijajua,
nilisimamisha kama anayeua nyoka,
pigo moja, picha ikiwa nusu.
Kioo kikawa cheusi. Kikarudi. Kikawa cheusi.
Kisha maandishi madogo, yenye adabu ya karani:
kiendeshi kimeacha kuitikia.
Kilianguka na mizigo ya watu mkononi,
na dakika sita za maharusi wa Mbalizi
wakielea juu ya mawingu
hazikuonekana tena.
Bibi harusi yule, hadi leo, tukikutana Mwanjelwa
anajifanya anachagua nyanya.

Ambakisye wa Iyunga ndiye aliyenifungua macho, kwa simu,
salio lake likikaribia kuisha:
"Kadi haisikii ikichora, dada.
Inasikia ikipumua.
Na mlangoni kuna mlinzi, anahesabu sekunde mbili;
ikikaa kimya zaidi ya hapo anaamini imekufa,
anavunja ml—"
Salio likaisha.
Mlango nikaumalizia mwenyewe.

Nikajifunza kukata picha viraka,
vidogo, vya kumezeka,
na kati ya kiraka na kiraka programu inainua macho
inauliza: niendelee?
Hapo ndipo ninapoweka kibendera changu,
sifuri inayogeuka moja.
Sivuti waya. Siui kitu.
Nasema moja, kisha nangoja.

Kungoja ndiko kugumu.
Muuguzi pale Meta, siku ya tatu ya uzazi,
aliniona namvuta mtoto kwenye titi
nikalia kabla yake.
"Usimvute," akasema, "mtaumia wote wawili.
Pitisha kidole kwenye kona ya mdomo.
Hewa ikiingia, ataachia mwenyewe."
Hakujua kwamba ananifundisha kazi.

Basi: kidole cha kushoto kwenye kona ya mdomo wa Gwantwa,
cha kulia kwenye kitufe.
Moja.

Kadi haikukatika. Ilimalizia kiraka ilichokishika,
kona ya dirisha, ukingo wa pazia,
ikaandika picha mia mbili na kumi na moja ilivyofikia,
ikarudisha kumbukumbu yote iliyokopa,
gigabaiti kwa gigabaiti, kama mtu muungwana,
ikajibu: nimesimama.
Kioo hakikupepesa.
Gwantwa naye akaachia, tone moja kidevuni.

Feni zikashuka sauti, zikashuka,
zikanyamaza.

Sikuwa nimejiandaa kwa ukimya ule.
Mbwa wa Isanga. Lori likipanda kwa taabu kuelekea Mlima Nyoka.
Baridi ikaona nafasi, ikaingia chini ya mlango,
na mtoto akafumbua macho
akatazama boksi, si mimi.

Nikageuza paa kijani, au karibu na kijani,
Mama Mwakalinga atasema.
Kibendera nikakirudisha sifuri.
Picha ya kwanza.

Miguu yake ilijua kabla yangu.