Rangi Chini ya Bolti

Elinaja amekuja tena, mara ya nne,
na Bedifodi ya marehemu baba yake.
Kaliegesha hapa Pasua, nje ya banda langu,
pua imeelekea mlima ambao leo hauonekani.
"Mama Fundi," anasema, "hili lina mashetani."

Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka.
Ukiwasha indiketa ya kushoto,
taa ya namba inakonyeza kama mtu mwenye siri.
Ukiwasha kubwa, za nyuma zinasinzia,
wekundu wa kaa lililosahauliwa jivuni.
Trafiki wa Himo wamemwandikia mara mbili.
Balbu amenunua mpaka mwenye duka anamwita mkwe.

Simjibu. Natandika kadibodi, nalala chali,
naingia chini, testa mdomoni.

Huku ni makaburi ya mafundi.
Huyu alifunga mwekundu kwenye mweusi kwa selotepu ya daftari.
Huyu alipitisha waya wa spika.
Huyu alichoka, akaacha ncha mbili
zinatazamana kama ndugu waliogombea kihamba.

Ninachokijua nilikijua kwa kuungua vidole:
umeme hauendi tu. Umeme unarudi.
Watu wanauliza moto unatoka wapi,
betri, fyuzi, swichi,
hakuna anayeuliza unarudi kwa njia gani.
Ukinyimwa njia ya kwao utapita kwa jirani,
utapenya taa ya breki, utaingia indiketa,
utaomba pa kupita hata kwenye kibalbu cha namba,
na kila nyumba unamopita
wenyewe wanawasha taa kidogo,
wanajiuliza, nani huyu usiku huu?

Nachukua waya mrefu.
Ncha moja naibana kwenye hasi ya betri,
nyingine naigusisha mgongo wa taa ya nyuma.
"Kanyaga!"
Nyekundu. Nyekundu kweli,
mbuzi wa Mama Swai anaruka mtaro.
Nauondoa: inasinzia.
Naurudisha: inaamka.
Basi. Si balbu. Na mashetani wana kazi nyingine.

Naufuata ule mweusi kwa vidole, pole pole,
tope la Rombo, vumbi la Kahe, nyasi kavu,
hadi ulipofungwa kwenye chesesi,
bolti namba kumi na tatu, nyuma ya tairi la akiba.
Naifungua nikitegemea kutu.
Hakuna kutu.
Kuna rangi ya samawati,
nzito, inang'aa, mpya kama shati la Krismasi.

Namtazama Elinaja. Yeye anatazama ubao wa nyuma,
NDELILIO NA WANAWE, herufi za mviringo, kivuli cha njano.
"Nilipaka mwenyewe," anasema, "baada ya matanga.
Nilifungua kila kitu, nikapaka, nikafunga.
Chesesi yote. Sikutaka libaki na doa."

Nataka kusema neno.
Nachukua msasa.
Nakwangua duara dogo, upana wa sarafu ya mia mbili,
mpaka chuma chenyewe kinatokeza, cheupe,
cha tangu mzee akishusha kahawa ya ushirika kutoka Uru.
Washa yenye meno. Bolti. Kaza.
Grisi juu, si chini; chini ni chuma kwa chuma.

Anazunguka gari kama anayekagua ng'ombe wa mahari:
kushoto, kulia, breki, namba.
Ya ubavuni, upande wa dereva, imegoma.
Hiyo ina kesi yake. Kesho.

Anauliza deni, nataja, anapunguza,
kisha anaona haya, anaongeza nusu mkungu wa mshare.
Kabla hajapanda anainama, anachungulia,
anagusa pembeni mwa bolti,
pale msasa ulipovuka mpaka.

"Patapata kutu hapa."

"Patapata," namwambia. "Uwe unarudi."