Kagua Kabla ya Kutuma

Saa nne na robo, ghala la asali, Sikonge,
programu ya mizani ilizimia
ndoo ya Mhoja Sizya ikiwa bado juu ya sahani.
Nikabonyeza "Omba Msaada".
Kikafunguka kidirisha cheupe, chenye adabu ya karani mgeni:
*Tumekusanya haya. Kagua kabla ya kutuma.*

Nikakagua.

Saa ya tukio: 10:14.
Kwao ni kumi, kwetu ni nne. Tusibishane.
Jina la kompyuta: KAPAYA.
Huyo alinitangulia kwenye kiti hiki,
akaniachia mto wa sponji na rula iliyovunjika pembe,
tukamzika Tutuo katikati ya masika,
na mimi sikujua hata panapobadilishwa jina.

Nafasi iliyobaki: asilimia tatu.
Imezimwa ghafla mara kumi na moja mwezi huu.
Hapo nilitamani kuandika pembeni:
haikuzimwa na mtu, ilikatiwa;
nguzo ya Mkolye ililala chini, mafundi wakachelewa,
nikamalizia hesabu kwa mshumaa wa nta yetu wenyewe.

Nenosiri lilikosewa mara sita, Ijumaa.
Kweli. Ijumaa ile mwanangu alikuwa wodini
na vidole vyangu vilikuwa huko huko.

Siri ya mtungi muulize kata.
Nilidhani kata ni mimi.
Kumbe mtungi nao ulikuwa ukiandika.

Mstari wa mwisho ndio ulionikalisha:
*Faili la M. SIZYA limefunguliwa. Limefungwa.
Limefunguliwa. Limefungwa.*
Nikahesabu: mara kumi na tisa, ndani ya dakika nane.
Yote hayo iliyaona. Haikuona
kwamba asali yake ilikuwa na maji, kidogo tu,
kwamba daraja la pili halimalizi deni la mizinga,
kwamba mwenyewe alisimama pale mlangoni
akikung'uta kofia isiyo na vumbi.
Kidole changu kilikuwa kati ya moja na mbili.
Programu ikachoka kabla yangu.

Chini kulikuwa na visanduku: ondoa alama kwa usichotaka kutuma.
Nikaondoa Ijumaa.
Nikairudisha. Atatibiwaje mgonjwa anayeficha homa?
Na pale penye *Eleza ulichokuwa ukifanya*
nikaandika: Nilikuwa napima.
Nikafuta.
Nilikuwa nasita.
Nikatuma hivyo.

"Wamesemaje?" akauliza Mhoja.
"Wanasoma."
Akaketi juu ya ndoo tupu, tukangoja
kama ndugu wawili wa mgonjwa mmoja.

Saa nane jibu likaingia:
*Ndugu Kapaya, pole kwa usumbufu. Tatizo lako tumeliona.
Diski imejaa. Futa vya zamani, kisha washa upya.*

Ndugu Kapaya.
Nilikuwa nasoma kwa sauti. Ghala likanyamaza,
hata Mama Kalunde akabaki ameinua chujio
likidondoka peke yake, taratibu.

Sikumsahihisha yule kijana, popote alipo.
Nikafuta ankara za miaka mitatu,
zote zenye saini ile ya mkono wa kushoto,
nikawasha upya.
Mashine ikaamka, ikaandika jina lake kwanza,
ikaonyesha kilo ishirini na mbili na nusu,
kisha ikaniuliza, kana kwamba hatujawahi kuonana:

Daraja?