Masizi

Bunduki ni ya wanaume. Masizi ni ya nani?
Mundhir kaniletea asubuhi, kaiviringa kwenye taulo la hoteli,
na mkanda wa babu, na mfuko wa maganda ya risasi.
"Harusi Alhamisi, dada. Ing'ae."
Akaondoka kwenda kugombana na mtu wa mahema.

Basi nimekaa barazani, Ibra,
saa mbili tu na jua tayari lina meno.

Nikavuta kishikio cha chini, tumbo likafunguka.
Nikachungulia: tupu. Nikatia na kidole,
maana jicho huona linachotaka.
Wenyeji wa hapa bunduki hizi huziita samaa.
Babu Hamdun, aliyejifunza kutukana kwa Kiswahili kule Wete
na hakuacha hata aliporudi,
hii aliiita Bibi Mkubwa, na mbele yake hakutukana.
"Baruti nyeusi," alikuwa akisema, "haijali mafuta.
Inaogopa maji ya moto na sabuni, kama mtoto."

Nikamimina birika zima.
Yakatokea upande wa pili maji meusi
yananuka yai bovu, yananuka Idi.
Kisha ufito na kitambaa, nenda rudi, nenda rudi,
kanga ya mama iliyochakaa hata jina lake limebaki USINI...
sijui usinionee, sijui usiniache.
Kipande cha tisa kikatoka cheupe.
Nikauelekeza mtutu juu:
duara la mwanga, mifuo ikijizungusha kama ndani ya konokono,
na mwisho kabisa tangi la maji la jirani,
dogo, kama kifungo cha shati.

Kitako nikakipa mafuta ya cherehani.
Pale alipokuwa akiegemeza shavu
mti umelainika, hauhitaji kitu.

Maganda ni kazi nyingine. Arubaini na moja.
Fundi mmoja Nizwa ana mashine ya kuyatikisa usiku kucha
ndani ya pumba za mahindi.
Mimi nina ukwaju.
Mama aliusugulia masinia usiku wa kuamkia sikukuu,
na shaba ni shaba, haikuulizi ilibeba nini.
Beseni la plastiki, lakini; si sufuria.
Mwaka juzi Bi Thuraiya alinifokea mpaka mtaa wa tatu
kwa ajili ya sufuria yake ya pilau, na alikuwa na haki.

Kila ganda lina kishimo kitakoni, pale lilipogongwa.
Kishimo kimoja, mlio mmoja:
harusi ya ami, Idi ya mwaka wa mvua,
siku aliyozaliwa Mundhir.
(Siku niliyozaliwa mimi hakupiga. Nimeuliza.)

La thelathini na sita halikutaka kutakata.
Nikalipiga mswaki, nikalichokoa kwa njiti,
ukwaju mara ya pili, mara ya tatu.
Weusi wake laini, unateleza, haunuki yai.
Mdomoni lina mkwaruzo wa mviringo, kama wa kizibo.
Nikasonya, nikapangusa jasho,
na binti yangu Shaima akapita na simu yake, akasimama.
"Mama, leo umepaka wanja?
Mbona jicho moja?"

Bibi Zayana.
Alikuwa akilitoa kifuani, kitu cha manjano, kirefu kama kidole,
anachomoa kijiti, anafumba jicho juu yake, anakivuta,
na hapo ndipo siku huanza, mwenye kusema aseme.
Sisi watoto tukidhani ni dhahabu.

Nikatazama beseni.
Nusu saa nimesugua. Nusu ya wanja wake imo humo,
pamoja na harusi za watu.

Arubaini yamerudi mkandani, yamepangwa kama meno.
Mundhir atahesabu, ataona pengo, atauliza.

Maji ya beseni sijayamwaga bado.
Nimenawa mkono mmoja tu.