Tone Juu ya Chumvi

Kila Aprili, theluji ikianza kulegea,
natoka zahanati na kichupa kisichozidi kidole gumba,
napanda kwa miguu hadi nyumba ya mwisho,
ile iliyoegemea mnara wa mawe,
na kila mlango naomba kitu kimoja:
kijiko cha chumvi.

Wananicheka. Muuguzi gani huyu,
hana sindano, hana kidonge,
anagonga asubuhi kama jirani aliyeishiwa?

Bahari iko mbali na Svaneti.
Mvua na theluji za miaka isiyohesabika
zimeusuuza udongo wetu, zikateremka na mto,
zikaondoka na kitu kidogo
ambacho hakuna aliyekiona kikipita.
Viazi havikisemi. Maziwa hayakisemi.
Shingo ndiyo iliyosema.

Tazama picha za zamani kutani mwetu:
wanawake wamejifunga skafu, na ni Julai.
Mama yumo katika mojawapo, ameinua kidevu
kama anayeitwa kutoka ghorofani.
Nilikuwa na miaka tisa
nilipojua kwamba rovu si sehemu ya umama,
kwamba wapo watoto waliolala
wamelaza kichwa kwenye shingo tupu.

Basi natia tone.
Chumvi ikigeuka zambarau, rangi ya biringanya,
naandika, nashukuru, naondoka.
Ikibaki nyeupe, navua koti, naketi.

Kwa bibi Makvala ilibaki nyeupe.
"Lakini ni ileile uliyotuletea!" akasema, amechukia,
akanionyesha bakuli la mti, wazi,
juu ya jiko, mwaka mzima.
"Moshi unaikausha."
Moshi unaikausha, bibi, na joto linaifukuza dawa,
inatoka dohanini bila hata kuaga.

"Humu hakuna mgonjwa," akasema.
Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kivuli.

Mkwewe, Nanuli, alikuwa akimenya vitunguu saumu,
mimba ya miezi minne chini ya aproni.
Hakusema neno. Aliinuka,
akaanza kutafuta kifuniko.

Tulitafuta wote. Cha sufuria kikubwa, cha birika kidogo.
Besik, mtoto wa darasa la pili, akapotea stoo
akarudi na chupa ya jamu, ya squash labda, au ya nini sijui,
amekwisha kuilamba mpaka chini,
mashavu yake ushahidi.
Tukaiosha, tukaikausha, tukahamisha chumvi mpya,
tukaiweka kabatini, mbali na moto.
Itiwe chungu kikishaepuliwa, nikasema. Mwishoni.
"Mwishoni," Nanuli akarudia, mkono tumboni,
kama anayemfundisha mwingine.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku ile:
kifuniko.

Fomu ya wilaya ina safu ya *Wagonjwa waliotibiwa*.
Nimeandika sifuri kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri.
Haina safu ya yule atakayezaliwa Septemba
akajifunza hesabu kwa wakati wake,
akamkera mwalimu kwa maswali,
asijue kamwe kwamba kulikuwa na chupa ya jamu.
Naye asijue. Mwenye kujua kila siku kwamba ni mzima
huyo tayari ana wasiwasi.

Wakati wa kuondoka Makvala alinifungia katika gazeti
chumvi yake ya viungo, ya giligilani na uwatu,
"Hii usiitilie matone yako," akasema. "Hii kula."

Usiku, nikiwa peke yangu, nikasimama mbele ya kioo
na glasi ya maji, chini ya picha ya mama.
Nikainua kidevu kama yeye.
Nikameza, nikaangalia koo langu likipanda na kushuka.
Nikapapasa: hakuna kitu.
Nikapapasa tena, polepole,
hicho hakuna.