Bei ya Herufi

Februari, na bora imefunga milango ya Trieste.
Bora ndilo jina la upepo wetu; ubora wake sijauona bado.
Nives Pertot akaingia karakanani kwangu
nywele zimemfunika uso, mkononi karatasi imelowa.
"Bibi amefariki. Nataka jina lake kwenye jiwe."

Natoza kwa herufi. Ndivyo alivyotoza baba:
i na M bei moja, nukta ya i ni bure.
Nikachukua penseli. "Jina?"
Akanyamaza kama mtu aliyeulizwa deni la ukoo.

Maana bibi alizaliwa Marjeta,
juu kule Nabrežina, nyuma ya machimbo ya mawe,
na mama yake alimwita hivyo akimtoa kwenye beseni,
Kislovenia tupu, herufi saba.
Alipofika miaka sita karani akalifuta.
Serikali ya wakati ule haikupenda majina yenye harufu ya mlimani.
Kalamu, mhuri: Margherita.
Shuleni akaitwa, hakugeuka,
akachapwa kiganjani kwa kutolijua jina lake.

Kumi, nikahesabu. Zimezidi tatu.
"Si pesa," akasema Nives.
Najua si pesa.

Katika makaburi ya mji huu ninaye Margarethe, mke wa nahodha wa Austria,
ninaye Margarita wa Wagiriki kwa herufi zao zenye pembe,
na Margit, mpishi aliyeshuka kwenye treni ya Budapest
kwa likizo ya wiki moja, hakurudi.
Wote nawasugua kuvu kwa brashi ileile.
Nikiwa mtoto nilidhani ni mwanamke mmoja
asiyeridhika na kaburi, kila akizikwa anahama.

Padri mmoja alinieleza
kwamba Wagiriki walilipata mashariki, kwa Waajemi,
labda mbali kuliko hapo,
waliponunua kitu cheupe kitokacho ndani ya chaza
wakafungiwa na neno lake.
Lulu, basi. Wote hao ni lulu.
Kitu cha kuvaa kikawa mtu wa kuitwa.
Kaskazini wakalimega kama mkate wa safari,
huyu Greta, yule Mette, yule Marit,
na Wafaransa wakalitupa majanini likaota ua.
"Na piza," akasema Elvio, mwanafunzi wangu, bila kuinua patasi.
Nives akacheka, kisha akalia.

"Benki alitia sahihi Margherita," akasema.
"Lakini akiunguza sufuria alijitukana:
Marjeta, mjinga wewe!
Wiki ile ya mwisho nesi alimwita kwa jina la kwenye faili
akatuambia, masikio yamekwisha.
Mimi nikamwinamia nikamwita mjinga wa jikoni.
Akafumbua jicho moja."

Sasa mjomba wake anataka lile la hati,
maana kaburi limelipiwa kwa hati.
Mama yake anataka lile la beseni.
Wamegombana tangu Jumapili, na maiti haina subira.

Nikamwonyesha jiwe, la machimbo yaleyale.
Nikalimwagia maji, yakajitokeza magamba ya chaza,
mamia, yameganda humo tangu mlima ulipokuwa sakafu ya bahari
na hapakuwa na wa kumwita mwenzake.
Miaka arobaini nachonga ndani yao.
Lulu sijakuta.

"Anza tu," akasema. "Ya nne nitakupigia simu."

Akatoka, mlango ukagombana na upepo.
Nikapiga mistari kwa chaki.
M. A. R.
Hadi hapo hakuna wa kubishana naye,
si karani, si mama, si mjomba;
na kwa lahaja yetu ya bandarini, mar ni bahari.
Vumbi likaniingia puani, jeupe, lina chumvi kidogo,
au ni mimi tu.

Taa zilipowashwa Elvio akafungua daftari,
akauliza tuandike herufi ngapi.
Tatu, nikamwambia. Kwa leo, tatu.