Usigeuke

Mara ya kwanza Sunniva alikuwa na miaka minne,
soksi moja ya kijani, ya pili imebaki ndani ya buti.
Nikamwekea kadi mezani: "Ukiona jua, sema usiku.
Ukiona mwezi, sema mchana."
Ilikuwa Desemba, Tromsø, saa sita mchana,
na giza limekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.
Akalitazama dirisha, akainama kwenye jua la kadi.
"Usiku," akasema. "Hata nje ni usiku."
Nikaandika: sahihi. Nikafuta.
Nikaandika tena.

Kisha zawadi. "Nipe mgongo, naifunga. Usigeuke."
Karatasi ikachakarika, saa ya kupimia ikatafuna sekunde.
Kumi na moja, shingo ikamponyoka.

Miaka sita: arobaini na tatu.
Aliikalia mikono yake yote miwili
akahesabu mafundo ya mbao ukutani kwa mnong'ono.
Kumbe kujizuia kuna sauti.

Miaka tisa alishuka.
Mstari kwenye kompyuta ukainama kama bega.
Saba, mbili, tisa, nne: nilimwambia azirudishe kinyumenyume,
zikarudi mbili, zimechoka.
Håvard, baba yake, alikuwa amehamia Bodø tangu Pasaka.
Fomu ina kisanduku cha usingizi, cha miwani, cha lugha ya nyumbani.
Cha Bodø haina.
Nikaandika pembeni kwa penseli.
"Pembeni hapahesabiki," akasema Ragnfrid, mkuu wangu,
naye hakuwa mtu mbaya.

Mwaka huohuo nilikuta funguo zangu kwenye jokofu,
kando ya siagi. Mimi hakuna aliyenipima.

Leo ana kumi na miwili.
Jua limerudi juzi, dakika chache juu ya mlima,
na mji mzima bado una sukari vidoleni
kwa maandazi ya kulipokea.
Kadi ya jua: "Usiku." Haraka, bila kupepesa,
kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuzoea
kusema asichokiona.
Namba sita kinyumenyume. Mimi nilihitaji karatasi.

Nikafunga faili. Yeye hakuinuka.
"Sasa wewe," akasema. "Nipe mgongo. Usigeuke."
Nyuma yangu mfuko ukafunguka, kitu kikakunjwa,
harufu ya iliki ikanifikia shingoni.
Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto wasigeuke.
Nikageuka.
Andazi, nusu limefungwa kwa fomu yangu tupu.
"Nane," akasema Sunniva,
na saa ya kupimia ilikuwa mkononi mwake.